Sukari ya Papa Diacre

Antoine Ntumba hakwenda msituni kutembea. Alikwenda kukataa posa. Guelord, kijana aliyemtaka binti yake Syntiche, alizaliwa na watu wanaotengeneza divai ya masuku, yale matunda ya porini, na Antoine, muuza sukari wa mtaa wa Annexe mjini na shemasi wa kanisa, hakuwa tayari kumwoza binti kwa watu wa pombe. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyewakalisha walevi kwenye benchi la mbele kila Jumapili, kanisa zima likiwatazama migongo. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo na, tuseme ukweli, kwa raha kidogo.

Alimchukua Syntiche akashuhudie. Pikipiki iliwapitisha Kasapa, ikaacha lami, ikakata msitu saa nzima mpaka kwenye nyumba tisa za matofali zilizozungukwa na miti pande zote. Masuku yaliyoanguka yalikuwa yakichacha chini, na Antoine akaziba pua kwa leso.

Mama Laurentine, mzazi wa Guelord, alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kwa heshima.

"Karibu, Papa Diacre. Ni miaka tunakungojea."

Diacre, yaani shemasi: jina lake la kanisani lilifikaje huku? Antoine akainua macho. Mlangoni mwa kibanda palining'inia gunia la sukari, limefanywa pazia. Ndani, magunia mengine yalifungwa midomoni mwa mapipa, yakichuja divai iliyochachushwa kwa sukari. Yote yalikuwa na maandishi mekundu aliyoyaandika mwenyewe kwa brashi, kwa kuogopa wezi wa sokoni: DIACRE ANTOINE.

Akaketi juu ya pipa bila kuangalia ndani mna nini.

"Sukari hii inatoka wapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Kwako, papa. Chanda njo anatuletea."

Chanda alikuwa mteja wake mkubwa kuliko wote. Kila mwezi alijaza kigari magunia, na Antoine hakuwahi kumuuliza yanakwenda wapi. Mteja wa namna hiyo anapewa kiti na maji baridi, haulizwi maswali.

Mama Laurentine akamletea kikombe kwa mikono miwili. "Huku divai inabeba jina ya mwenye sukari. Hata mu ville, kule mujini, bantu banaomba Diacre. Shiye tulikuwa tunawaza unajua."

Antoine akaingiwa na baridi mchana kweupe. Aliwakumbuka mmoja mmoja wote aliowakalisha benchini, na maneno aliyowaambia. Kumbe walilewa jina lake. Akamgeukia binti yake.

"Ulijua?"

"Miye njo nilikuwa nasaidia Chanda kupakia, papa," alisema Syntiche. "Haukuniulizaka inaenda wapi."

Kukataa kote alikokupanga njiani hakukutoka mdomoni. Alikiweka kikombe chini bila kuonja. "Mama, posa nitajibu siku ya Mungu. Mukuye ku kanisa, weye na kijana."

Jumapili, shemasi alikipita kiti chake kando ya mhubiri, akaenda kuketi kwenye benchi la mbele, peke yake, mgongo kwa watu. Wimbo ulikatika katikati. Hakuna aliyejua atazame wapi. Ndipo Guelord akainuka kutoka nyuma kabisa, akatembea njia yote ile mbele ya macho ya watu, akasimama kando ya benchi.

Antoine akasogea kumpa nafasi.

"Ikala, mukwe wangu," akasema.