Muzee Mwenye Alifuta Jina Yake Chini ya Wimbo

Weye mwenye unasimamaka kanisani kila siku ya yenga, unafungua kinywa na kuimba, umeshajiuliza ule wimbo ni ya nani? Mimi sikujiulizaka hata siku moja, na niko mutu wa maneno mengi, munanijua. Leo najiuliza juu muzee mwenye alikuwaka anaandikia korali yetu nyimbo amekufa. Homa ilimulalisha siku tatu. Siku ya ine asubuhi bibi yake akamuita akunywe chai, hakuitika. Tukamuzika kesho yake, na pale kaburini kidogo tu tupigane juu ya wimbo. Mukae vizuri, niwaelezee.

Vita ilitufukuza kwetu Kalengera siku moja wote. Batu balibeba godoro, sufuria, mbuzi. Yeye alibeba mutoto wao wa mwisho mugongoni, na kaye, daftari yake ya nyimbo, ndani ya shati. Bibi yake alimugombeza njia muzima: "Baba, sufuria umeiacha, sasa tutapika ndani ya kaye?" Naye: "Tutaimba, mama, njaa itaona haya." Tukacheka, na risasi zinalia nyuma yetu. Lakini ule mutoto hakufika kambi ya Kanyaruchinya. Alichomeka na homa, tukamuacha kando ya barabara chini ya mawe. Tulipopata bashi, ile turubai ya kambi, ya kulala chini yake, muzee akatunga wimbo ya ule mutoto, ya kumuambia Mungu amupokee, juu baba yake amechoka kumubeba. Mara ya kwanza niliisikia nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo, na mikono ikasimama yenyewe.

Bitabu byetu bya nyimbo bilibaki nyumbani. Muzee akaanza kuandikia kila korali ya kambi, kwa mukono, karatasi moja moja, bila kukatalia mutu. Siku ya kwanza, chini ya ule wimbo ya mutoto, aliandika jina yake, kadogo sana. Na hapa niseme kitu yenye sijasemaka. Njo mimi nilimuambia, mbele ya bamama bote: "Eh muzee, kumbe tutakuwa tunakuimbia weye?" Bamama bakacheka mupaka bakakaa chini. Kwetu, mutu mwenye kutunga wimbo ya kanisa haandikaki jina, batu banasema anajisifu. Akachukua gome ya kufutia, akafuta, akaandika: Ya Mungu. Kutoka ile siku karatasi zote zilitoka vile. Mimi nikaenda na furaha yangu, nikizani nimefundisha mutu unyenyekevu.

Kisha maestro mumoja wa korali ya mujini akapanda kambini, viatu vinangaa, akaomba karatasi ya ule wimbo. Muzee akamuandikia na kumushukuru. Miezi ikapita, tukasikia wimbo inalia mu simu za batu mupaka soko ya Kituku, kwa bamama benye kuuza samaki ya sambaza. Muzee alifurahi sana, hakujua kitu. Nyuma yake njo maestro alileta karatasi ya kashe, ya muhuri, bale banasoma banaiita droit d'auteur: wimbo ni yake, na korali yenye inataka kuiimba ipate kwanza ruhusa. Prezida wa korali yetu, mama mumoja wa nguvu, akatuambia tusiiimbe tena. Mutu wa kambi anaogopaka kashe kuliko bunduki, juu kwa karatasi njo tunapewa bashi, na kwa karatasi njo tunafukuzwa. Tukaiacha. Tulipomuambia muzee aende kulalamika, akauliza: "Nitaonyesha nini? Mukono yangu njo iliandika Ya Mungu."

Sasa pale kaburini, mujane akasema: "Mumuimbie wimbo ya mutoto." Korali ikaangalia chini. Maestro alikuwa pale, alikuja kuzika kama sisi, kwa ile siwezi kumusema vibaya. Prezida akamuendea polepole: "Maestro, tunaomba, mara moja tu." Akajibu: "Mama, nikiruhusu hapa, kesho kila mutu ataniletea maiti yake. Muimbe ingine." Bijana benye kushika beleshi bakasogea mbele. Mimi mwenyewe, na hii ulimi yangu, nilikauka.

Mujane akafika kwenye shimo, akaanza kumulilia bwana yake. Kwetu, mujane akilia kaburini hata chef wa kijiji hamukati maneno. Akamuambia amusalimie mutoto, akamuambia apumuzishe mugongo, na kilio ikawa inageuka kidogo kidogo mupaka ikawa wimbo, neno kwa neno, na sauti ya kupasuka. Maestro akapandisha mukono kumusimamisha. Batu bote bakamuangalia. Akaushusha. Hapo bamama tukalia naye, sauti ya pili, sauti ya tatu, mupaka mwisho. Kisha nikamuendea maestro: "Papa, ule muzee alikuwa na jina, na mimi njo nilimufutisha." Akageuka, akaenda. Karatasi yake iko na kashe mupaka leo, tusijidanganye.

Mimi nilikuwaka nasema maneno ya Mungu haina mwenyewe, na ningali nasema vile: aimbe mwenye kutaka. Lakini kuandika jina si kujisifu. Ni kusema nani alilia kwanza, kabla mwingine hajaweka kashe juu ya machozi yake. Tukirudi, mujukuu wangu, mwenye naye anatungaka nyimbo, alinishika mukono juu ya mawe ya njia, nikamuomba asifanye kama muzee. Akasimama, akaniangalia. "Naahidi, Koko. Kila wimbo yenye nitatunga nitaandika jina yangu chini, na chini ya jina nitaandika: muimbe bote. Na hata weye ukicheka, sitafuta."