Kovu la Mbwa wa Ng'ambo

Kabla sijasimulia, sina budi kutenga mambo mawili ambayo watu wa Garsen huyachanganya kila siku wanapokutana hotelini kunywa chai: lile mtu aliloliona na lile aliloambiwa. Niliambiwa kwamba mbwa yule aliletwa na mafuriko. Niliambiwa kwamba aliachwa na askari aliyehamishwa. Bwana mmoja aliniapia kuwa mama wa mbwa huyo alikuwa fisi. Hayo yote nayaacha pale nilipoyakuta. Nilichokiona mwenyewe ni mbwa jike wa rangi ya udongo, amelala asubuhi kando ya ua wangu wa matawi ya mathenge, mti wa miba, shingoni ana kipande cha kamba kilichokatika, na mbavu zimemtoka.

Sikuwahi kufuga mbwa. Nimetumia umri wangu darasani, na tangu nistaafu napenda ukimya. Lakini kamba ile ilionyesha kwamba mnyama ana mwenyewe, na chenye mwenyewe hurudishwa.

Jirani yangu, mzee wa wafugaji aliyepata kuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, alisimama mbali akashika kanzu yake isiguswe.

"Mwalimu, umekosa wanafunzi hata unasomesha najisi?"

"Simfugi. Namtafutia mwenyewe."

"Basi mfanyie kama ndama. Usimwonyeshe mtu."

Wafugaji wa huku wana utaratibu wao wa mnyama aliyepotea. Anayemwokota humficha, hutangaza kwamba amemwokota bila kueleza alivyo, na kila anayemdai hutakiwa kutaja alama mbele ya shahidi kabla ya kumtia machoni. Akiitaja, anakabidhiwa, asipoitaja, anakwenda zake. Niliupenda utaratibu huo kwa kuwa hauna nafasi ya porojo.

Alama tuliipata nilipokuwa nikimtoa kupe. Vidole vyangu vilipita juu ya kovu lililoanzia nyuma ya sikio la kushoto na kupinda kuelekea begani. Manyoya yalikuwa yameota juu yake, jicho lisingeliona. Jirani yangu hakumgusa, lakini nilipoyatenga manyoya alichungulia, akaguna. Tukakubaliana kwamba alama ni hiyo, na kwamba hatutaitaja kwa mtu yeyote.

Walikuja waongo. Mmoja alitaja kipaku cheupe mkiani. Mbwa hakuwa na kipaku popote. Kijana wa bodaboda alisimama nje ya ua akamwita kwa kila jina lililomjia kinywani.

"Ongeza jina la baba yako," jirani yangu akamwambia, "labda ataitika."

Kisha, alasiri moja, akaja mchungaji wa ng'ombe mwenye umri wa kati, mikono imekauka, fimbo begani. Alitusalimu kwa adabu, akakataa kiti.

"Mzee wangu, nasikia kuna mbwa kwako."

"Taja alama."

Hakufikiri. Alipeleka kidole nyuma ya sikio lake mwenyewe, la kushoto, akakishusha polepole, akakipinda begani.

"Kovu," alisema. "Linapita hapa. Mpaka hapa."

Jirani yangu alipiga goti lake kofi. "Ametaja! Mpe, Mwalimu, tupumzike."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikafungua kamba, nikamleta. Jambo lililofuata nililiona kwa macho yangu. Mbwa alipomwona mtu yule alianguka kama aliyekatwa miguu. Mkojo ukamtoka. Akaburura tumbo ardhini hadi kwenye pipa la maji, akajaribu kupenya chini yake, mahali ambapo hata panya asingepita.

Nilikaza kamba mkononi.

"Huyu ni mbwa wako?"

"Hapana."

"Alama umeijuaje?"

"Niliiweka mimi. Kwa panga."

Utaratibu nilioutegemea, uliowashinda waongo wote, ulikuwa karibu kunifanya nimkabidhi mnyama huyu kwa mkono uliotaka kumuua. Tena kwa haki, mbele ya shahidi.

Mchungaji alieleza kwa maneno machache. Alikuwa akipitisha ng'ombe kwenye malka, njia yao ya kwendea mtoni. Mbwa wa shamba la kando ya njia hiyo akawazuia, ng'ombe wakatawanyika, naye akampiga panga. Mbwa akakimbia anavuja damu, kamba ikining'inia. Mwenye mbwa ni mama mmoja mkulima wa ng'ambo.

"Hakuniona," alisema. "Kila nikipita ananiuliza kama nimemwona mbwa wake. Nipe nimpelekee."

Je, nimwamini? Kwamba alikata, nilikuwa na ushahidi wa mbwa. Kwamba alitaka kurudisha, nilikuwa na maneno yake tu. Nilimwambia aache fimbo kwangu, atangulie mbele, na kamba nitaishika mimi.

Asubuhi iliyofuata tulivuka kwa mtumbwi, yeye kule mbele, mimi huku nyuma, mbwa akitetemeka katikati ya miguu yangu. Ng'ambo tulimkuta mama huyo shambani, akifukuza ngedere kwenye mahindi kwa mawe, sauti imemkauka. Mbwa alivuta kamba hata kiganja changu kikachubuka. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikamficha nyuma yangu kadiri nilivyoweza.

"Mama, taja alama ya mbwa wako."

"Alama gani, Mwalimu? Si huyo hapo anakung'oa mkono!"

"Alama ya mwilini."

"Mbwa wangu hana alama. Alikuwa mzima."

Nilishtuka mara ya pili. Kwa kanuni ile, mwenyewe alikuwa ameshindwa, na aliyemjeruhi alikuwa ameshinda. Niliachia kamba.

Mbwa alimrukia mama, naye akaketi kwenye udongo akamkumbatia, akamtukana kwa mapenzi, akampapasa kichwa, masikio, shingo. Hapo mkono wake ukasimama. Akatenga manyoya. Akalifuata kovu kwa kidole mpaka begani.

"Nani amemkata mtoto wangu?"

Aliniuliza mimi. Nilimjibu kwamba sikuwapo alipokatwa. Lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kutoa jibu la kweli lililonipa aibu kama lile.

"Ni mimi, mama," mchungaji akasema.

Hakumtukana. Alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza, huyu aliyeulizwa kila siku. Kisha akainuka, akamwita mbwa, wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Tulibaki nje sote wawili. Mwenye mtumbwi aliponiita nilimwambia mchungaji twende, akatikisa kichwa.

Yaliyotokea baadaye nimesimuliwa kwa namna nyingi, na hakuna simulizi mbili zinazolingana. Sitaandika hata moja. Nilipokuwa katikati ya mto niligeuka, nikaona mlango umefunguliwa kidogo. Mbwa alitoka peke yake, bila kamba, akalala kizingitini, uso wake umemwelekea mtu yule. Naye alikuwa ameketi chini juani, mikono juu ya magoti, hajasogea.