Kuchapa Lugha Asiyoijua

Kazi yangu ya kwanza Birmingham ilikuwa kutunza wazee katika nyumba moja pale Erdington. Kenya nilikuwa nimefundisha Kiswahili shule ya sekondari kwa miaka kumi na mmoja. Hapa niliogesha watu, nikabadilisha shuka, nikapeleka chai. Sikuionea haya kazi ile na bado siionei. Kilichonikera ni kuonekana kama mtu ambaye hakuwahi kuwa kitu kingine. Kwa hiyo wakati wa mapumziko niliandika mashairi nyuma ya ratiba za zamu za wiki zilizopita, ili angalau mimi mwenyewe nisisahau.

Mmoja wa wazee wangu alikuwa bibi Mwingereza ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amefariki. Aliyekuja kumtembelea ni mjane wa huyo mwana, Mmarekani mweusi wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata vyumba vikiwa na joto la kumkausha mtu. Siku moja alinikuta jikoni nikiandika.

"Unaandika nini?"

"Ratiba," nikasema.

"Ratiba haina mistari mifupi hivyo. Nisomee."

"Ni Kiswahili."

"Sikukuuliza ni lugha gani."

Nikasoma, kwa hasira kidogo. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akaniomba nirudie ubeti wa pili. Nikarudia. Akasema, "Mstari wa tatu hapo huuamini. Sauti yako imekimbia."

Ilikuwa kweli. Katika mstari ule nilikuwa nimechomeka neno ili tu vina vikae sawa. Mtu asiyejua hata kusalimia kwa Kiswahili alikuwa amenikamata.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa mshairi, na mchapishaji pia. Aliniambia maisha yake vipande vipande, mara nyingi tukimlisha mama mkwe wake. Mama yake alikuwa dobi katika mji mdogo wa kusini mwa Marekani. Yeye alianza kazi akiwa msichana katika kiwanda cha kushona vitabu vya nyimbo za kanisa, na huko ndiko alikojifunza sindano, gundi na karatasi. Alipoanza kutuma mashairi yake kwa wachapishaji yalirudi yakiwa na wino mwekundu: kila mahali alipoandika kama mama yake alivyosema, mtu alikuwa ameandika kama mwalimu angesema. Alistahimili miaka saba. Kisha akachapa kitabu chake mwenyewe bila kubadili neno, halafu cha mpishi mmoja, halafu cha dereva wa basi. Aliolewa na fundi wa magari Mwingereza, akamfuata hadi Northfield, upande wa pili wa Birmingham, na mume alipokufa hakurudi kwao. Mama mkwe alibaki bila mtu, basi yeye akabaki naye.

Alitaka nimwite kwa jina lake. Sikuweza, alikuwa na umri wa mama yangu. Nikamwita Mama, akazoea.

Siku zangu za mapumziko nikaanza kupanda treni na mabasi mpaka Northfield. Meza yake ya chakula ilikuwa imejaa karatasi kiasi kwamba tulikula tumepakata sahani. Nilimsomea kila shairi. Penye uwongo aliinua kidole, nami nikarekebisha nyumbani. Alihariri kitabu changu kizima namna hiyo, kwa sikio.

Tulipokuwa na mashairi ya kutosha, alinipeleka kwenye ofisi moja mjini iliyosaidia waandishi. Mwanamke aliyetupokea alikuwa mpole sana. Alifungua karatasi zangu, akatabasamu, akasema wangefurahi kutusaidia, ila Kiingereza kiwekwe ukurasa wa pili, mkabala na kila shairi. "Vinginevyo nani atakisoma?"

Mama akamwuliza, "Washairi wa Kiingereza mnawaomba waweke Kiswahili mkabala?"

Yule mwanamke akacheka akidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Akanigeukia. "Kitabu ni chako. Ukitaka Kiingereza, sema unataka. Usikiweke kwa sababu umeambiwa."

Nakiri nilitaka kukubali. Nilikuwa nimezoea kukubali tangu siku niliyoingia nchi hii. Lakini niliziangalia karatasi zangu mezani, nikawaza jinsi kila shairi lingekaa na mlinzi wake pembeni wa kulieleza. Nikasema, "Hapana. Watakisoma wanaokijua."

Tukatoka bila msaada. Kwenye kituo cha basi Mama alikuwa anapiga mluzi.

Tulikichapa wenyewe kwenye mashine yake ndogo. Alinifundisha kukunja kurasa kwa kipande cha mfupa, kutoboa matundu na kuzishona kwa uzi. Nakala za kwanza nilizishona kombo, akanifumulia zote. Tulizipeleka mtaa wa Castle Vale, kwenye ukumbi ambao waumini Wakongomani waliukodi kwa ibada ya Jumapili. Rafiki yangu wa kazini alikuwa amemwomba mchungaji. Baada ya ibada nikasoma. Wakenya wachache waliokuwapo walinielewa moja kwa moja. Wakongomani walicheka palipochekesha, na pengine pasipochekesha pia. Mama alikaa mstari wa mbele na koti lake, haelewi neno, anasikiliza sauti yangu kama polisi.

Siku ile mama mmoja wa Bukavu alinifuata na daftari. Alikuwa ameandika ndani yake maombolezo ya ndugu zake aliowaacha makaburini, na mengine ya wale ambao hawakupata hata kaburi. Akaniomba nimfanyie kitabu kama changu.

Nililichukua daftari kwa heshima. Nikalifungua nyumbani, na ule ualimu wangu ukaamka. "Batoto" nikaandika "watoto". "Mu nyumba" nikaandika "nyumbani". Nilifanya kazi hiyo kwa wiki mbili, kwa upendo kabisa, na kalamu nyekundu.

Nilipompelekea Mama aone, aliangalia ukurasa mmoja tu. "Haya mekundu ni nini?"

"Makosa."

"Makosa ya nani?" Akafunga daftari. "Mimi nimewahi kurudishiwa karatasi kama hii. Mrudishie mwenyewe, umtazame usoni akiisoma."

Nilienda. Mama wa Bukavu alipitisha kidole juu ya wino wangu, mstari kwa mstari. Hakukasirika kwa sauti. Akasema, "Mama yangu alinizala na maneno haya. Ndiyo nililia nayo. Sasa weye unataka nilie na ya nani?"

Nikamwachia daftari lake. Niliondoka kwake nikiwa nimejichukia. Mimi niliyeikatalia ile ofisi nilikuwa nimegeuka ofisi.

Wiki mbili baadaye nilirudi Castle Vale, nikamwomba radhi na kumwomba anisomee. Akavuta kiti. Alisoma daftari zima, mchana kutwa, akiruka wino wangu kana kwamba haupo. Kidole changu kilipanda mara mbili tu. Mara ya kwanza alikubali kwamba hapo alikuwa ameandika ili kumfurahisha mchungaji. Mara ya pili alikataa, na alikuwa na haki. Kitabu kilitoka kama alivyokisoma, na kila "batoto" mahali pake.

Majira ya baridi yaliyofuata mama mkwe alifariki. Nilimwosha kwa mara ya mwisho pamoja na Mama. Baada ya mazishi Mama alisema amemaliza kazi iliyomweka hapa, akatuachia mashine yake, akarudi katika mji wa mama yake. Anachapa bado, vitabu vyake vinanifikia kwa posta. Mimi na mama wa Bukavu tuliendelea, na katika miaka iliyofuata tulishona vitabu vitano, vyote vya watu wanaofanya kazi za mikono.

Kitabu cha maombolezo kilifika hadi shule niliyofundisha Kenya. Mwenzangu wa zamani, mwalimu wa Kiswahili kama mimi, akanipigia simu. Alikuwa ameumia kweli.

"Mwalimu, na wewe? Jina lako liko ndani kama mchapishaji. Wanafunzi wataonaje? Unaibomoa lugha uliyoijenga."

"Umekisoma mpaka mwisho?" nikamwuliza.

"Nitasomaje kitu chenye makosa namna ile?"

"Kisome kwa sauti, darasani, mbele ya watoto. Ukifika mwisho bila kulia, nipigie tena tuzungumze makosa."

Akakata simu. Kesho yake nilifunga nakala kumi nyingine, nikaziandikia anwani ya shule, nikazipeleka posta ya Erdington kabla ya zamu.