Mwenyekiti Aliyekwenda Kuwinda Kura

Verlyn Tollefsrud alikuwa fundi wa boila, mtambo wa kupasha majengo joto, katika shule ya Skogdalen, jimbo la Wisconsin, na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa shule hiyo: wapishi, wasafishaji na madereva wa mabasi. Alikuwa mpole kupita kiasi, lakini ukikigusa chama chake anakuwa mkali kama pilipili.

Basi serikali ya jimbo ikakigusa kwa sheria mpya. Ada ya chama haikukatwa tena kwenye mshahara, ikawa ya kukusanywa mkono kwa mkono. Mezani na mwajiri, chama kiliachiwa kudai nyongeza ya mshahara tu, tena kidogo. Juu ya hayo, kila mwaka wafanyakazi wapige kura kama chama kiendelee kuwasemea, nacho kipate zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote, si ya waliopiga. Aliyenyamaza anahesabiwa amekataa. Mgonjwa amekataa, msahaulifu amekataa, aliyepitiwa na usingizi amekataa. Mimi naita uonevu, na wenye jina zuri zaidi walitafute wenyewe. Chama kikishindwa, mwaka mzima hakuna wa kuwasemea.

Kura yenyewe ilipigwa kwa simu mwezi wa Novemba, ikaangukia msimu wa kuwinda kulungu, wakati nusu ya Skogdalen imehamia msituni ambako simu haishiki. Mwaka huo Verlyn hakugusa bunduki. Alizunguka kambi moja baada ya nyingine, theluji ikimfika magotini. Dewey Schmelzer, dereva wa basi asiyeishiwa manung'uniko kuhusu ada, alimpokea kwa soseji ya moto na kejeli.

"Oneni, mwenyekiti kaja kuwinda kura. Umeshapata dume, au unarudi na mkia?"

Verlyn alicheka, akamkokota hadi kilimani, simu inakoshika, akasimama naye kwenye upepo mpaka Dewey alipobonyeza "ndiyo". Kila aliyemkuta kambini Verlyn alimweleza vilevile, kwamba kunyamaza ni kukataa.

Matokeo aliyasoma LaVonne Pribyl, mpishi mkuu na katibu wa chama, kwenye kompyuta ya jikoni, Verlyn akiwa amesimama nyuma yake. Waliokataa hawakuwapo, hata mmoja. LaVonne akaanza kutabasamu, kisha uso ukamganda. Chama kimepungukiwa kura moja. Kimefutwa.

"Hakuna aliyetukataa," alisema polepole, "halafu tumeshindwa?"

Verlyn akashika ukingo wa meza. Sauti ya LaVonne ikapanda kwa hasira. Waliokuwa hawakitaki chama tangu mwanzo, wakanyamaza tu, aliwasamehe. Alimtaka yule mmoja wa kwao aliyelala. Akamtaja Dewey, Verlyn akamtetea, maana alimwona akipiga. Akataja mwingine, na mwingine, na kila mmoja Verlyn alimtetea, sauti ikizidi kufifia.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Mimi sikupiga."

LaVonne alidhani ni utani, akamtazama usoni, akaona si utani.

Skogdalen mtu hajipigii kura. Ukipendekezwa baraza la kanisa, unatoka nje wenzako waamue. Hata kipande cha mwisho cha keki hukatwa nusu, na nusu yake tena, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana anakitaka. Verlyn alipiga ile namba ya kura, lakini simu ilipouliza kama chama kiendelee, yeye mwenyekiti alisikia ikiuliza kama yeye aendelee. Akaona haya. Akakata simu. Mtu aliyevuka theluji yote ile kuwafundisha wenzake! Mpaka leo nikikumbuka nabaki mdomo wazi.

"Verlyn, bwana," LaVonne alisema, na hasira ilikuwa imemtoka, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nani alikwambia ulikuwa unapigiwa kura wewe? Tulikuwa tunapigiwa sisi."

Akarudi kwenye sufuria zake, kwa kuwa watoto walikuwa wanaingia kula.

Verlyn akatoa simu mfukoni, akapiga ile namba. Sauti ikamwambia upigaji kura umefungwa. Akaisikiliza mpaka mwisho, akapiga tena.