Yaya wa Ghorofa ya Tatu

Korido ya jengo letu kule Bur Dubai ilinukia bizari ya majirani wa Kihindi, ila mlangoni kwetu mwaka ule ilitawala harufu ya mafuta ya karafuu, ambayo mama alimchulia mdogo wangu kifua kutwa kucha. Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto alikuwa wa miezi miwili, akinyonya kidogo anachoka na kutoka jasho, na mama ameshikilia kuwa ni baridi ya AC. Sisi watu wa Mombasa, kila ugonjwa Dubai tuliusingizia AC.

Ghorofa ya tatu alikaa bibi mmoja wa Kihindi, sari ya pamba iliyopauka, kandambili miguuni, akisukuma kigari cha mtoto kila asubuhi. Tulimwita yaya. Nani angemdhania vingine? Siku moja kwenye lifti alimwinamia mdogo wangu mikononi mwa mama, akamtazama midomo, akaniambia kwa Kiingereza nimwambie mama ampeleke hospitali leo leo, moyo wake si mzima. Mama akasema, "Mwambie alee wa tajiri wake, wangu aniachie." Niliona haya, nikatafsiri kwamba mama anashukuru. Aliamini tutakwenda, na uongo ule ulitupotezea siku mbili.

Siku ya tatu alibisha mwenyewe. Kucha za mtoto zilishakuwa za buluu. Hakuomba ruhusa, alimtwaa, akasema "yalla", twende, akashuka ngazi, mama nyuma bila buibui, nami nyuma ya mama. Hospitalini daktari wa zamu alipomwona aliacha simu mezani, akasimama wima, akamwita Profesa. Kumbe ndiye aliyebuni njia ya kupasua mioyo ya watoto wachanga, inayofundishwa hadi Ulaya. Amestaafu, kaja kumlea mjukuu. Niliduwaa. Mama alikaa sakafuni. Usione vyaelea, vimeundwa. Baada ya mtoto kupasuliwa, mama alimuuliza, kupitia kwangu, kwa nini hakusema yeye ni nani.

"Nilisema mtoto anaumwa," akajibu. Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

Mdogo wangu sasa ananipita kimo. Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki moja hapa hapa Dubai, mtaa wa Al Muraqqabat. Wiki iliyopita mfagizi wetu, dada wa Kiganda, aliniambia mzee wa kiti cha mwisho hapumui vizuri. Nikamwambia amalize sakafu kwanza. Niliposikia nilichosema niliinuka mbio kumwita daktari, na mzee akawahiwa, alhamdulillahi. Lakini mshtuko wangu ulizidi ule wa hospitali. Mama hakujua. Mimi nilijua.