Ufa wa Benchi la Mkunga

Karakana ya useremala, kaka na dada waliachiwa na baba yao, na hawakuigawa ingawa hawakuwahi kukubaliana juu ya ubao hata mmoja. Kaka alitengeneza milango na makabati yaliyonyooka hata mtaa ukamwita Rula. Dada yake aliokota magogo waliyoyatupa wenzake, yenye vifundo, nyufa na matundu ya wadudu, akachonga viti na mabenchi yaliyofuata mwendo wa mti wenyewe. Yeye wakamwita Kombo. Hakukasirika. Aliweza kukaa asubuhi nzima ameweka kiganja juu ya gogo kama anayepima homa ya mtoto, na Rula akipita humwuliza kama mgonjwa ameshasema panapouma.

Benchi la mkunga mstaafu lilimchukua msimu mzima wa mvua. Mkunga mwenyewe ndiye aliyelichagua gogo, kwa ajili ya ufa uliokatiza katikati yake. Alipitisha kidole ndani, akasema anataka hilo na si jingine. Kombo akauchonga mgongo wa benchi kwa kuuzunguka ufa ule, akazilainisha kingo zake mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa.

Siku ya mkunga kulichukua, Kombo alifika akakuta ufa haupo. Rula alikuwa amewahi kabla yake, akachanganya gundi na vumbi la mbao, akauziba, akapiga msasa juu. Kazi safi kabisa. Alisimama pembeni akifuta mikono, akingoja shukrani.

Kombo aliketi. Mchana mkunga angekuja kutafuta alichokichagua, asikione.

"Nilidhani umechoka, nikasema nikumalizie," Rula alisema alipouona uso wake. "Si wanasema usipoziba ufa..."

"Hatujengi ukuta, kaka."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Rula. Alilizunguka benchi akinung'unika kwamba dunia nzima watu humtafuta fundi ili wasione nyufa, ni hapa tu mtu anaponuniwa kwa kuziba. Kisha akavuta kigoda, akatoa patasi yake nyembamba, ile ambayo hakumwazima mtu, akaanza kuichokoa gundi kabla haijakauka. Kombo akawa anapuliza vumbi. Mkono wa Rula ulikuwa mtulivu kuliko wake. Haukugusa ukingo hata mara moja. Alipofika mahali ufa ulipojipinda, akasita.

"Kumbe ufa umekwepa kifundo," alisema polepole. "Umefika hapa ukakuta pagumu, ukazunguka."

Kombo akaendelea kupuliza. Alikuwa amemwambia hivyo miaka nenda miaka rudi, lakini aliona heri leo ajisikie mwenyewe akisema.

Penye mpindo ule gundi ilikuwa imezama na kushika. Kuitoa kungekuwa kuuvunja mti, wakaiacha. Mkunga alipokuja hakutazama kwanza miguu wala kimo. Alipitisha kidole, kikatembea, kikafika pale kikakwama. Akauliza ni nini.

Rula alitazama sakafu. Kombo angeweza kusema ni utomvu, na mkunga angeamini.

"Hapo amepita kaka yangu," alisema. "Alitaka kunisaidia."

Mkunga akamgeukia Rula, akamwuliza kama gundi hiyo itatoka.

"Haitoki, mama."

"Basi iacheni," mkunga akasema, akaomba wamfikishie benchi nje.

Rula akawahi upande mzito.