Mto Tarach Tumboni mwa Akiru

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, katikati ya miaka ya sabini, wino uliniumbua. Nilikuwa nimetoka Machakos, mchoraji mpya wa idara ya afya, na kila nilipochovya kalamu ya nibu wino ulikauka kabla sijaigusa karatasi. Bwana Afisa wa Afya, mkubwa wangu, alinitazama nikihangaika, kisha akaniambia nichore kabla jua halijatoka. Tangu hapo niliamka alfajiri, nikauzimua wino, yaani kuupunguza ukali kwa maji, hadi nikapata weusi hafifu unaofaa nyama za ndani. Ninyi mnaochora kwa kompyuta hamjui raha hiyo, wala hasira zake.

Kazi yangu ilikuwa kuchora mwili wa binadamu kwenye chati kubwa za kufundishia habari za minyoo na maji machafu. Nilipohamishiwa zahanati ya Kakuma, mkalimani wangu alikuwa Akiru, msaidizi wa muuguzi, msichana mwenye kicheko cha kukusahaulisha kazi. Tulitundika chati ukutani. Wazee tuliowaalika walipita moyo, wakapita ini, wakasimama kwenye utumbo. Kule, mbuzi akichinjwa, utumbo wake husomwa: hapa mto, pale malisho, kule mvua au adui. Mzee mmoja akauliza jambo, Akiru akatafsiri.

"Anasema, hii tumbo ni ya nani?"

Nikajibu si la mtu yeyote. Wazee wakainuka mmoja mmoja, wakaenda zao. Akiru alinieleza, huku akinicheka, kwamba tumbo lisilo na mwenyewe halina habari.

"Basi chora yangu," akasema.

Nilimchora kwa wiki kadhaa. Utumbo niliukunja kwa wino mzito kama mto Tarach unavyokata kona pale Kakuma. Uti wa mgongo niliupandisha kufuata ule mkanda wa nyota tuliouona tukikaa nje ya zahanati. Wino hauna rangi nyeupe. Mwanga huachwa, hauchorwi. Kwa hiyo kifuani niliacha karatasi wazi, mahali pa nyota ambayo mama yake aliitazama akingoja mvua. Nilipomaliza nilijua kwamba nampenda.

Wazee walirudi. Walisoma, wakabishana, wakasikiliza habari za minyoo mpaka mwisho. Bwana Afisa alipokuja kukagua alisema tu, "Nilikuagiza utumbo, umeniletea ramani." Lakini hakuitoa ukutani.

Kisha nikahamishiwa Nairobi. Nilimwomba Akiru tufuatane, nikamwambia nitakwenda kwa baba yake kama inavyopasa. Aliiendea ile picha, akaweka kidole kwenye kona ya mto.

"Umenichora na Tarach kwa tumbo," akasema. "Nikienda na wewe, hii mto nitaiachia nani?"

Picha nayo sikuichukua. Ilikuwa imeshasomwa pale, ikawa ya pale.

Nairobi nilichora mabango ya hospitali hadi nikastaafu, na wakubwa walinisifu. Daktari mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba utumbo wangu una kona isiyokuwamo tumboni mwa mtu yeyote. Nikamwambia imo kwa mmoja.

Ninamkumbuka Akiru, sioni sababu ya kuficha. Siku hizi mkono unatetemeka, lakini kona ile bado naipata bila kutazama. Nikifika kifuani naacha karatasi wazi, kisha nakaa kungoja wino ukauke. Huku Nairobi kwenye baridi, unachelewa sana kukauka.